Tunduma: Mnada wa leseni ya kilabu cha pombe ulivyoharibika kwa sababu mama mkwe alikaa kiti cha mbele

Wakuu, mwapoleni mukwai, kama tunavyosalimiana huku mpakani na madereva wa upande wa pili.

Hili jambo nimekaa nalo kifuani mpaka kifua kimejaa kama ghala la mahindi baada ya mavuno. Leo nalimwaga lote.

Ninachosimulia ni kweli. Pale nitakapoongeza chumvi mtaiona wenyewe, maana chumvi yangu mimi ni ya mawe.

Majina nimebadilisha, ofisi sizitaji, na kata ni moja ya hizi za pembeni ya Tunduma. Wa huku mtaitambua, wa mbali endeleeni tu kusoma.

Kwanza mnijue. Mimi ni fundi wa maturubai ya malori. Lori likikaa foleni ya kuvuka mpaka, jua na upepo vinachana turubai, dereva ananiita, nashona. Mchana sindano, jioni darasani. Nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni nikiwa na ndevu ndefu kuliko za mwalimu, na somo la uraia nililipasua vipande vipande. Tangu matokeo yatoke, mtaani naitwa Wakili.

Sikuwahi kukataa.

Sasa twende kwenye mada.

Kwenye kata yetu kuna kilabu cha pombe ya kienyeji. Jengo ni la halmashauri, lakini kwa miaka mingi waliokiendesha ni kikundi cha akina mama, na mwenyekiti wao ni shangazi yangu, Shangazi Nakamba, aliyenilea. Wanapika kimpumu cha ulezi. Unaletewa chungu, mrija na birika la maji ya moto, unakaa na wenzako mnavuta taratibu na kutatua matatizo yote ya dunia. Nimeona pale watu wakimaliza vita vya nchi mbili kabla birika la pili halijafika.

Leseni ya pombe kikundi kilikuwa kinahuishiwa kila mwaka bila maneno.

Halafu likabandikwa tangazo. Halmashauri imeamua kwamba haki ya kuendesha kilabu, pamoja na leseni yake, sasa itatolewa kwa mnada wa hadhara. Mwenye dau kubwa ndiye mwenye kilabu.

Nisiwe mnafiki, kisheria sikuona kosa. Jengo ni lao, mapato wanayahitaji. Lakini shangazi aliposikia alikaa chini palepale mlangoni. Bila kilabu hakuna pa kuuzia. Ukipika nyumbani bila leseni, unakamatwa wewe na pipa lako. Karibu akina mama ishirini, wengi wajane, maisha yao yote yalikuwa ndani ya kile chumba chenye moshi.

Na kila mtu alijua nani anakitaka.

Alikuwapo tajiri mmoja wa malori, nimwite Kontena. Yeye alitaka kukigeuza lounge. Bia za chupa, taa za rangi, nyama choma, spika kubwa kama kabati la nguo. Kontena si mtu mbaya, niseme ukweli. Msiba ukitokea anatoa lori bure. Ila akitaka kitu chako, huwa anakitaka kwa furaha sana.

Shangazi akaniita. "Wakili, umesoma. Fanya kitu."

Nikakaa nikaandika pingamizi kurasa saba. Niliweka Katiba, nikaweka haki za binadamu, nikaweka na maneno mawili ya Kilatini niliyoyaona kwenye kalenda. Afisa aliyelipokea alilisoma huku anatafuna karanga, akaniambia kwa upole kwamba njia rahisi ya kupinga mnada ni kushinda mnada.

Niliudhika, lakini alikuwa na point.

Wiki hiyohiyo nikawa nashona turubai la lori la Kontena. Dereva wake anapenda maneno kama redio. Akawa ananisimulia jinsi bosi wake anavyopata shida akienda Ihanda, Mbozi, kwa wakwe. Anasimamisha gari mbali, anamtuma dereva atangulie kwa miguu, ahakikishe mama mkwe hayuko njiani. Siku moja walikutana naye ghafla kwenye kona, Kontena akaingia kwenye shamba la kahawa na suti yake, akachuchumaa mpaka mama apite.

Hapa niwaeleze wa mbali. Kwenye ukoo ule, mkwe wa kiume hapishani na mama mkwe njiani, hali chakula mama akiona, na kubwa zaidi, hapazi sauti mahali mama anaposikia. Naye mama hamsemeshi mkwe, wala halali nyumbani kwake. Hali hiyo inaendelea mpaka siku wazee wa pande mbili wakae, kuku achinjwe, mama mkwe amlishe mkwe tonge kwa mkono wake. Wenyewe wanaita kumfungua mdomo.

Kontena alioa zamani, watoto wameshakuwa wakubwa. Kufunguliwa mdomo hakuwahi. Kila mwaka yuko busy.

Sindano ikanichoma kidole na sikusikia.

Kwa sababu huyo mama mkwe, nimwite Mama Mbukwa, nilikuwa namjua. Ndiye anayeleta ulezi kilabuni. Ni mwanakikundi kabisa, amelipa kiingilio kama wenzake, ila yeye hukaa kwake Ihanda na kutuma magunia.

Nikamwambia shangazi. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha kucheka, akauliza nauli ya Ihanda kwa sasa ni kiasi gani.

Siku ya mnada uwanja ulijaa. Nikisema watu elfu kumi mtanipinga, basi tuseme walikuwa wengi. Dalali alikuwa na kipaza sauti cha mkononi, na kabla ya kuanza akatoa sharti: kila mnunuzi ataje dau lake mwenyewe, kwa sauti, uwanja mzima usikie. Alisema mnada uliopita watu walikuwa wanakonyeza, halafu wanakana kwamba walikonyeza.

Hilo sharti hatukulipanga sisi. Lilishuka tu kama ile mvua ambayo siku zote hunyesha shamba la jirani, safari hii likaangukia kwangu.

Mama Mbukwa alikuwa kiti cha mbele, katikati, kitenge kipya, mikono mapajani, anatazama mbele kama anapigwa picha ya kitambulisho.

Kontena akashuka kwenye gari akitabasamu, akapiga hatua, akamwona. Akarudi nyuma akajificha kwenye nguzo ya bendera. Mkuu, mwili ule na nguzo ile. Ilikuwa kama kuficha tembo nyuma ya mwiko.

Dalali akafungua. Shangazi akataja dau la kikundi kwa sauti iliyofika Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Dalali akauliza nani anaongeza. Pale kwenye nguzo mkono ukanyooka.

"Taja, bosi," dalali akasema.

Kontena akanong'ona.

"Sauti, bosi. Hata mimi sijasikia."

Akajaribu kumnong'oneza dereva amsemee. Dalali akakataa, sharti ni mwenyewe. Najua kuna mtu atauliza kwa nini hakumtuma mkewe. Alimtuma. Mkewe alimwambia palepale kwenye gari kwamba hawezi kupanda dau dhidi ya mama yake mzazi, akapandisha kioo.

Nyundo ikagonga. Kilabu kikabaki kwa akina mama. Vigelegele vilivyopigwa siku ile, mbwa wote wa kata walihama.

Nilijiona mwanasheria mkuu wa dunia. Kwa muda mfupi.

Kontena akaenda mahakamani. Alileta wakili kutoka Mbeya, kijana nadhifu, begi lake lingeweza kubeba mtoto wa darasa la pili. Wakataka mnada ufutwe na leseni isitolewe mpaka shauri liishe. Kilabu kikafungwa kufuli. Akina mama wakawa wanakuja asubuhi wanakaa nje ya mlango, wanasuka mikeka, wanaondoka jioni. Ile picha sikuipenda. Utani wangu wote ulikuwa unaishia pale mlangoni.

Shauri liliposikilizwa nilikaa safu ya pili, nimevaa tai. Hakimu alikuwa mama wa makamo, mtaratibu. Wakili akaeleza kwa dakika nyingi kwamba mteja wake alizuiwa kutumia haki yake ya kushiriki mnada.

"Alizuiwa na nani?" hakimu akauliza.

"Na mama mkwe wake, mheshimiwa."

"Alimfanya nini?"

Wakili akageuka kumtazama mteja, akapangusa miwani.

"Alikaa, mheshimiwa."

Karani wa mahakama aliinamisha kichwa chini ya meza akidai ameangusha kalamu. Hiyo kalamu aliitafuta muda mrefu sana.

Mama Mbukwa akaitwa kutoa ushahidi. Alipoingia, Kontena alitoka mbio, kwa sababu mila ni ileile hata mahakamani. Akasimama nje dirishani. Kwa hiyo kila wakili akitaka kumuuliza mteja wake jambo, anaomba ruhusa, anatoka, ananong'onezwa, anarudi. Alitoka na kuingia mpaka soli za viatu zikaanza kumlalamikia.

Hatimaye akamuuliza mama kama ni kweli aliletwa pale makusudi ili kumnyamazisha mkwewe.

Mama Mbukwa akafikiri. "Tangazo lilisema mnada wa hadhara," akasema. "Mimi si hadhara?"

Mimi nilipiga makofi. Nikaonywa.

Lakini wakuu, hakimu alikuwa amesoma kuliko sisi wote. Alisema mambo ya ukwe hayamhusu, mtu akimwogopa mkwewe hiyo si kesi. Ila lile sharti la kutaja dau kwa sauti na mwenyewe halikuwa kwenye tangazo. Lilitolewa uwanjani. Mtu alikuja akijua sheria moja akakutana na nyingine. Kwa hilo, mnada umefutwa, urudiwe, na masharti yote yaandikwe mapema ili kila mtu ajipange.

Tukatoka kama tunatoka makaburini. Shangazi akaniuliza, "Wakili, hilo la tangazo wewe hukuliona?"

Nikamwambia niliona, nilikuwa nalihifadhi.

"Basi hifadhi na mdomo," akasema.

Tangazo jipya likabandikwa, na sharti la sauti likiwa juu kabisa. Kontena akalisoma, na hapo ndipo alipofanya hesabu yake. Kama kizuizi ni mdomo, dawa ni kuufungua. Akatuma wazee Ihanda: yuko tayari kumaliza taratibu zote, haraka iwezekanavyo.

Shangazi akapanda gari kwenda kumwomba Mama Mbukwa acheleweshe hata kidogo, mnada upite kwanza. Nilimsindikiza. Mama alitupokea vizuri, akatupa viti, akasikiliza mpaka mwisho.

"Nakamba," akasema, "binti yangu amekaa kwenye ndoa nusu miaka yote hii. Wanakijiji wananiuliza mkwe wako ana kasoro gani. Leo anakuja mwenyewe. Unataka nimkatae kwa ajili ya ulezi?"

Shangazi akashukuru kwa viti, akaaga. Mimi niliyepasua uraia nikamfuata nyuma.

Na sikilizeni kinachouma zaidi. Sherehe haiwezi kufanyika bila pombe, na pombe ya heshima ni kimpumu. Nani anapika kimpumu? Kikundi. Mahakama ilikuwa imeshafungua kufuli kwa muda, wakapika vyungu kwa vyungu. Akina mama wakawa wanakoroga pombe ya kumfungua mdomo mtu atakayewafukuza. Shangazi alikoroga mwenyewe chungu kikubwa, na alikikoroga vizuri, kwa sababu hajui kupika vibaya hata kwa adui.

Nilikwenda, kubeba vyungu. Kuku akachinjwa, wazee wakasema yao. Mama Mbukwa akamega ugali, akachovya, akamlisha mkwewe. Kontena akatafuna, akameza, kisha kwa sauti ya kwanza kabisa mbele yake akasema, "Shikamoo mama." Watu wakalia machozi. Hata mimi kidogo, moshi ulikuwa mwingi.

Alipokuwa anapita karibu yangu akanigusa bega. "Wakili, vipi? Safari hii kiti cha mbele mmemwandalia nani?"

Nilicheka kwa adabu. Ndani nilikuwa nawaka kama tanuri la matofali.

Mnada wa pili. Uwanja uleule, watu mara mbili. Mama Mbukwa kiti kilekile, maana bado ni mwanakikundi. Lakini sasa Kontena hakujificha. Alikaa upande wa pili wa njia, miguu ameinyoosha, wakili wake pembeni na lile begi.

Shangazi akataja dau. Kontena akapanda, kwa sauti nene, tamu, ya mtu aliyetoka kifungoni. Shangazi akaongeza. Kontena akapanda tena bila hata kumtazama dalali. Shangazi akawageukia wenzake, wakanong'onezana, mmoja akafungua pindo la khanga, mwingine akatikisa kichwa. Akataja dau la mwisho. Nilijua ni la mwisho kwa jinsi alivyokaa baada ya kulitaja.

Kontena akapanda.

"Mara ya kwanza," dalali akasema.

Mwenye pindo la khanga akalifunga tena.

"Mara ya pili."

Mama Mbukwa akasimama.

Wakuu, uwanja mzima ulikuwa umesahau jambo moja, na Kontena ndiye aliyesahau kuliko wote. Mwiko ule ulikuwa na pande mbili. Miaka yote ile yeye hakuweza kusema mbele ya mama mkwe, lakini na mama mkwe hakuweza kumsemesha. Alipolipia kuku wa kufungua mdomo wake, alifungua midomo miwili.

"Mkwe wangu," mama akasema, taratibu, kama anaongea jikoni. "Nilikuwa siijui sauti yako. Kumbe nzuri hivi."

Watu wakacheka. Kontena naye akacheka, akashukuru.

"Sasa baba, nisaidie mimi mzee. Ukichukua hapa, ulezi wangu nitauza wapi?"

Kontena akasema hilo litaangaliwa, mama asiwe na wasiwasi.

"Sina wasiwasi. Mkwe ninaye. Nitaleta magunia yangu kwako nyumbani, nikae hapohapo niuze polepole. Zamani mila ilinikataza kulala kwako. Sasa tumemaliza, kwako ni kwangu." Akakaza kitenge. "Na hawa wenzangu wajane nitakuwa nao mchana, uani. Hawana kelele sana. Chumba unipe kile kinachopata jua la asubuhi, miguu inaniuma."

Kontena alifungua mdomo wake uliofunguliwa. Hakuna kilichotoka. Kule kwenye gari kioo kilishuka, mkewe akatoa kichwa akasema, "Mama, chumba kipo."

Kontena akanong'ona kitu.

"Sauti, bosi," dalali akasema.

"Najitoa."

Wakili akaruka kusimama, amekwishanyoosha kidole, nadhani alikuwa anaanza neno pingamizi. Kontena alimvuta koti akamkalisha. Dalali akarudi kwenye dau la Shangazi, akauliza mara moja, akauliza mara mbili, akagonga nyundo kwa nguvu mpaka mpini ukalegea.

Shangazi alilia. Safari hii hapakuwa na moshi.

Leseni sasa imetundikwa ukutani pale kilabuni, ndani ya fremu. Bia za chupa hakuna, taa ni ileile moja. Na mnajua nani anasafirisha ulezi kutoka Ihanda? Lori la Kontena. Mama mkwe humpigia simu asubuhi, humsalimia, humuulizia watoto, halafu humtajia idadi ya magunia. Juzi nilimkuta Kontena mwenyewe amekaa pale na mrija mdomoni. Nikamuuliza kama ile lounge bado ipo kwenye mipango. Akanitazama, akavuta, akaniambia niongeze maji ya moto.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiona sharti au mila inakubana, kabla hujaiondoa chunguza pia ilikuwa inakukinga na nini. Kontena alikazana kuona alichonyimwa, hakuona alichokuwa anakifaidi bure kwa miaka yote. La pili, someni tangazo la mnada mpaka mstari wa mwisho, msiwe kama mimi.

Sasa nawaachia uwanja, hasa mawakili wa kweli mliomo humu. Kuna jamaa wa Vwawa ananiambia mnada wa pili nao ungeweza kupingwa, kwamba yale maneno ya mama yalikuwa vitisho kwa mnunuzi. Mimi nasema mama kuomba chumba kwa mkwewe si kitisho.

Wenye wakwe, semeni ukweli: ni kitisho au si kitisho?